Moto Ng'ambo ya Kijito

Washington
Mwezi wa Baridi, siku ya tisa, 1828

Dada yangu Ailsi,

Nimefika mzima, ila kiatu changu kimoja hakikufika. Kimebaki kwenye tope la barabara kuu ya mji huu, ambayo wenyeji wanaisifia upana. Sisi wanne wa ujumbe wa kabila letu tunalala chumba kimoja kwa mjane mmoja mnene anayetupikia nyama ya nguruwe asubuhi, mchana na jioni. Kiongozi wetu Mzee Daksi hajalala kitandani hata siku moja. Anasema lile godoro linammeza. Hulala sakafuni karibu na jiko, na mjane akiingia na kuni asubuhi humruka tu kama anavyomruka paka wake.

Kazi tuliyotumwa na baraza unaijua: tuombe mpaka wetu upimwe na miti itiwe alama, ili Wazungu wanaoingia na nguruwe wao wajue pa kukomea. Hiyo tu. Hatukutumwa kutoa ardhi, hata ya kuzikia kuku.

Tunayeonana naye ni Bwana Loomis, mtu wa ardhi serikalini. Ni mpole, ana mafua yasiyokwisha, na anakisifu Kiingereza changu mpaka naona haya. Rais wao anamwita "Baba yenu." Jana Mzee Daksi akaninong'oneza, "Mwulize, huyo baba ameshaleta nyumbani hata paja la kulungu?" Sikuitafsiri hiyo. Tulipotoka nje mzee akacheka sana. "Afadhali wamesema baba," akasema. "Baba kazi yake kubembeleza. Wangesema Rais ni mjomba wetu, mwenye amri juu yetu, hapo ningeogopa."

Sasa dada, nina shida. Bwana Loomis anataka ramani. Anasema hawezi kuwatetea watu asiojua wanakaa wapi. Anataka kujua nyumba ziko wapi na mashamba ni ya nani. Mimi nitajua wapi? Mashamba ni mambo yenu wanawake, na tangu nitoke shule ya wamisionari nimekuwa mtu wa njiani, natafsiri ugomvi wa watu. Niandikie yote kama yalivyo. Andika kwa herufi za lugha yetu, Bwana Loomis hawezi kuzisoma, kwa hiyo umbea wote uweke chini bila wasiwasi.

Msalimie shemeji Dustu. Mwambie Sali mjomba wake atamletea kitambaa cha buluu.

Mdogo wako,
Inali


Kijito cha Misonobari
Mwezi wa Mifupa, siku ya ishirini, 1828

Wewe Inali,

Barua yako imeletwa na mwenye duka la kivukoni. Ina duara la kahawa katikati, nadhani aliifanya kisahani. Nimeisoma kwa sauti, watu wakajaa mlangoni kama nyumba yenye msiba. Ile habari ya Mzee Daksi na mjane wameipenda wote. Mke wa Mzee Daksi hakuipenda.

Haya, shika kalamu. Simama pale kijito chetu kinapoingia Mto Arkansa, uso kaskazini. Mkono wako wa kushoto, nyumba ya kwanza ni ya Kwedi, na shamba lake linafuata maji mpaka kwenye mwaloni uliopigwa radi. Halafu mimi, na mipichi yangu kumi na miwili, usiisahau mipichi. Halafu mke wa Mzee Daksi na binti zake watatu, kila mmoja na nyumba yake na shamba lake, na hawasemezani, kwa hiyo acha nafasi katikati. Juu yao ni uwanja wa ngoma na nyumba ya baraza. Kuanzia hapo mashamba yamepangana mpaka kwenye mwamba mweupe, yote ya akina mama wa ukoo wa Ndege. Huwezi kukosea.

Ng'ambo ya kijito, upande wa mawio, hakuna cha kuchora. Ile ardhi tumeilaza, huu mwaka wa tatu, na shamba lililolala unajua haliitwi la mtu. Anayesema "langu" juu yake ni mroho na mahindi humkataa. Mimi nilivuka juzi kwenda kumwongezea Mama jiwe kaburini. Mawe yake sasa yamenifika kiunoni, maana kila apitaye anaweka lake.

Umbea sasa. Nguruwe wa Mzungu mmoja wamefukua viazi vya Kwedi. Shemeji yako akachukua bunduki. Nikamwambia, "Nyumba yangu, viazi vya jirani yangu, ugomvi wangu. Weka bunduki ukutani." Akaweka, akanuna siku mbili, siku ya tatu akaomba uji.

Kula nyama yote wanayokupa. Ulitoka hapa mwembamba.

Dada yako,
Ailsi


Washington
Mwezi wa Maua, siku ya kumi na mbili, 1828

Dada,

Tumeshinda!

Mkataba umetiwa saini jana. Tumepewa mpaka, utapimwa majira ya mavuno, na miti itatiwa alama kila hatua ya njia. Hakuna nyumba hata moja tuliyopoteza. Kwedi yumo, wewe umo na mipichi yako kumi na miwili, akina mama wa Ndege wamo wote. Bwana Loomis alishangaa ramani yangu. Alisema hajapata kuona mtu wa msituni anachora namna ile, na mimi nikaichukua kama sifa.

Upande wa mawio mstari utafuata kijito chetu. Hilo lilikwisha haraka. Bwana Loomis aliweka kidole kwenye karatasi, ng'ambo, akauliza, "Hapa kuna nani?" Nikamjibu, "Hakuna mtu." Akapenga kamasi, akauliza tena kwa ule upole wake, "Una hakika?" Nikasema ninayo, aliyeniandikia ni dada yangu.

Nilipomtafsiria Mzee Daksi aliiinamia ramani. Akauliza, "Wanawake wanajua?" Nikamwambia ramani imetoka kwao. Akaweka alama yake, na mimi nikaandika jina lake pembeni. Lakini mzee ni mzee, kwanza aliwagandisha siku mbili nzima kwa sababu ya maneno machache. Sasa yameandikwa hivi: kila nyumba yenye moto na kila shamba lenye mazao, siku mpima ardhi atakapopita, litabaki upande wetu. Bwana Loomis alicheka, akasema hilo si lazima, ramani inatosha. Mzee akasema, "Kama si lazima basi haliumi. Liandike."

Kitambaa cha Sali ninacho. Wewe nimekununulia birika la chai, lina ua ubavuni. Tunaondoka wiki ijayo. Niandikie kwa mwenye duka wa mdomo wa mto, nitapita hapo.

Mdogo wako mwenye furaha,
Inali


Kijito cha Misonobari
Mwezi wa Mahindi Machanga, siku ya tatu, 1828

Inali,

Hakuna mtu?

Mama yuko ng'ambo.

Barua yako nimeisoma peke yangu mlangoni, sikuisoma kwa sauti. Haikusaidia. Mke wa Mzee Daksi naye alipata yake, na yeye husoma kwa sauti hata bei ya chumvi.

Sikuandikii ili nikutukane. Nimekaa na hili siku kadhaa na kila nikiligeuza najiona mimi mwenyewe. Wewe ulichora nilichokuambia. Mimi ndiye niliyesema hakuna cha kuchora. Ningesemaje? Shamba lililolala hatulitaji, hata watoto wanajua. Haikunipitia kichwani kwamba huko kuna watu ambao wakiona ardhi imelala wanadhani imekufa. Na wewe umekaa nao miaka, Inali, lakini wewe ni wa hapa pia, na hukustuka. Hilo ndilo linaloniuma na ndilo linalonifanya nikusamehe.

Lakini ujue hali. Huku tunakolima udongo umechoka, mwaka huu mahindi yananifika kifuani tu. Mwakani tulikuwa tuvuke, tulaze upande huu. Sasa tutavuka kwenda wapi? Tulitoka Tennessee tukiwa na Mama mgonjwa mgongoni mwa farasi kwa sababu mstari ulisogea. Alifika hapa akasema, "Hapa sitoki tena." Akafa kabla ya mavuno. Nami nilimwahidi.

Sheria unaijua. Baraza lilipoitangaza wewe ndiye uliyeinakili: atakayewapa Wazungu ardhi bila ruhusa ya baraza, damu yake haina wa kuidai. Wanaume wanasemasema kidogo tu, usiogope. Ila usipande mto mpaka nikuite.

Ailsi


Mdomo wa Mto Arkansa
Mwezi wa Mahindi Machanga, siku ya kumi na tisa, 1828

Dada yangu,

Unaniandikia wanasemasema kidogo tu. Hapa yupo mpiga kasia aliyetoka huko, amenieleza hicho kidogo. Ametaja na majina ya walioapa kuniua. Wawili nilicheza nao utotoni.

Nimelia, sikufichi. Si kwa ajili ya kufa, ingawa kufa naogopa kama mtu yeyote. Ni lile jibu langu. Niliulizwa mara mbili, Ailsi. Mara ya pili yule mtu aliniangalia kabisa machoni, nami nikatabasamu, kwa sababu alikuwa amekisifu Kiingereza changu.

Mzee Daksi alisema alama ni yake na yeye ndiye atakayesimama barazani. Nikakataa. Akasema, "Vema, tutaongea kesho," na asubuhi nikakuta ameshaondoka na mashua ya wauza ngozi bila kuniaga. Sasa mzee wa miaka ile anakwenda kubeba mzigo wangu, na mimi nimekaa hapa dukani nakunywa kahawa.

Wapo wanaokwenda Teksasi. Wanasema nifuatane nao, huko hakuna anayeuliza mtu ametoka wapi. Niliwaza hilo usiku mmoja tu. Nikienda Teksasi nitaishi, lakini wewe utabaki dada wa mtu aliyemuuza mama yake akakimbia.

Kwa hiyo nakuja. Meli ya moshi inapanda mwezi ujao. Birika lako ninalo, halijavunjika.

Inali


Kijito cha Misonobari
Mwezi wa Mahindi Mabivu, siku ya nne, 1828

Inali, kaa hapo hapo!

Mpiga kasia anayekuletea hii nimemlipa ngozi nzuri ili akuzuie hata kwa kamba. Sasa nakwambia kweli yote, maana uongo wangu wa huruma haukufaa.

Mzee Daksi alisimama barazani akasema alama ni yake. Wamemnyang'anya kiti, lakini wakasema hawamuui mzee kwa kitu asichoweza kukisoma. Wanamtaka aliyeandika. Wale walioapa wamekuja kwangu mara mbili na bunduki. Mjomba wetu angekuwa hai wangemuuliza yeye. Sasa ukoo wetu wa Kulungu hapa hauna mkubwa kunizidi mimi. Wakasema, "Ukoo utamtoa?" Nikawatengea mkate wa maharage. Wakala, maana hasira haizuii njaa. Nikawaambia, "Nitawajibu mahindi yakikomaa."

Hapo ndipo wakanielewa, na mmoja akaacha kutafuna. Sikukuu ya Mahindi Mabichi hufuta makosa yote ya mwaka, isipokuwa kuua. Hata sheria yao mpya haijathubutu kuigusa. Wakasema, "Sikukuu iko mbali, ndugu yako atafika kabla." Nikasema, "Kwani mahindi yamekomaa lini, nani husema? Ninyi?" Kwedi alipanda yale madogo ya mapema. Yameshaanza kutoa nywele nyeusi. Sisi wanawake tumekubaliana, hata binti za Mzee Daksi wamesemezana. Sikukuu ni mwezi mpya ukiandama.

Kuna jingine. Wiki iliyopita nilivuka kwa Mama nikamkuta Mzungu na mkokoteni. Anapakia mawe yake. Anajenga dohani ya jiko lake, na mawe yale ambayo watu wamemwekea Mama miaka kumi na minne ameyaona mazuri. Sikumpigia kelele. Niliita wanawake, tukavuka wote na watoto, na kila mmoja akachukua jiwe mkokotenini akalirudisha. Alitutazama tu. Hakuwa mtu mbaya, nadhani. Aliambiwa hakuna mtu.

Yale maneno ya Mzee Daksi uliyoniandikia, nyumba yenye moto na shamba lenye mazao, tumeyakalia vikao vitatu. Mahindi yamechelewa kupandwa, lakini maboga na maharage hayajachelewa. Tumeiamsha ardhi kabla ya muda wake. Nimeiomba radhi kwa mdomo wangu. Shemeji yako anakata nguzo za nyumba karibu na Mama, na mara hii hakununa.

Ufike siku ya kuzima mioto yote ya zamani, sikukuu inapoanza. Usifike jana yake. Pita msituni, ufike umefunga, usile kitu.

Dada yako


Kambi ya mpima ardhi, vilima vya kaskazini
Mwezi wa Mavuno, siku ya pili, 1828

Dada yangu mpenzi,

Tangu sikukuu natembea kama mtu aliyeazimwa miguu. Niliposimama uwanjani kwenye yale majivu baridi na wote wakanitazama, hakuna aliyenigusa. Hata mmoja wa wale niliocheza nao utotoni alinipa kibuyu cha maji bila kuniangalia usoni. Na uliposhika kijinga cha moto mpya na kukivusha kijito badala ya kurudi nacho nyumbani, nilisikia mzee mmoja wa baraza nyuma yangu akisema, "Yule mwanamke angekwenda yeye Washington." Sikubishana naye.

Baraza limenipa kazi ya kutembea na wapimaji mpaka mstari utakapoisha, na ninaifanya bila kulalamika. Mpima ardhi anaitwa Whitcomb. Ni mrefu, anatembea kimya, na anakula tufaa na mbegu zake. Si kama Bwana Loomis. Hanisifu hata kidogo, na nashukuru.

Tutafika kwako baada ya wiki moja hivi. Nilimweleza habari ya ng'ambo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi siandiki ninachoambiwa, naandika ninachokiona. Na ramani inayosema hakuna mtu umeichora wewe." Kwa hiyo amekataa niwepo. Anasema mkalimani hawezi kutafsiri shamba la dada yake. Nitabaki mlimani na mizigo.

Sina la kukusaidia, Ailsi. Moto usizimike, hilo tu. Hata mvua ikinyesha.

Inali


Ng'ambo ya Kijito
Mwezi wa Mavuno, siku ya kumi na tano, 1828

Mdogo wangu,

Angalia juu ya barua nimeandika ninakaa wapi.

Najua uliona moshi toka mlimani, lakini mengine hukuyaona. Alikuja na watu wawili wa mnyororo wa kupimia. Hakusalimia sana. Aliingia ndani, akainama, akaweka kiganja juu ya majivu, akakitoa haraka. Mvua ilinyesha usiku ule, unakumbuka, na Dustu alikaa akiushikia moto ngozi ya dubu mpaka kukacha, macho yake mekundu kama ya mlevi. Mpima ardhi akamtazama macho, akatazama paa linalovuja, akaandika.

Halafu akaenda shambani. Inali, tulizuia kicheko! Alipiga magoti akaushika mtambao wa boga akaufuata kwa mikono mpaka kwenye shina, aone kama hatukuyabeba maboga tukayatua pale. Shina likawa shina. Akaenda la pili. La tatu akaliacha, Kwedi akamkatia kipande kilichochomwa, akala amesimama, ganda na yote.

Mwisho akafika kwa Mama. Akauliza kwa mikono, hii nini? Sali ana maneno matano ya Kiingereza uliyomfundisha, akatumia moja. Alisema mama. Yule mtu akasema kitu kwa wenye mnyororo, wakauinua usiburuzwe juu ya mawe, wakazunguka mbali. Alama wamechonga juu kwenye kilima, kwenye misonobari. Kijito kizima ni chetu, na ng'ambo yote, na Mama.

Nimefurahi, na nina huzuni pia. Ardhi haikumaliza usingizi. Maboga yametoka madogo, ya kujaa viganja viwili, na mwakani itabidi tulime pale pale maana tukiilaza tena atakuja mtu na mkokoteni. Sijui tutaipumzisha lini.

Njoo utengeneze paa. Birika lako linatoa chai nzuri.

Ailsi


Washington
Mwezi wa Mifupa, siku ya sita, 1829

Dada,

Yule mjane amenikumbuka. Mzee Daksi, ambaye sasa amerudishiwa kiti na baraza na kutumwa tena kutuongoza, alipoingia tu akakuta blanketi limeshatandikwa chini karibu na jiko.

Bwana Loomis bado ana mafua. Mstari wa Whitcomb ameupokea bila ubishi, nikadhani tutarudi nyumbani kesho yake. Kisha akatoa karatasi nyingine. Anasema mpaka wetu ni mzuri sana, lakini serikali imeona kuna uzuri kuuzidi: tuiachie ardhi yote, mpaka pamoja na vyote, tupewe nyingine kubwa zaidi kule machweo, ambako hakuna atakayetusumbua milele. Mzee Daksi akaniambia, "Neno hilo la milele walituambia Tennessee. Mwulize limekwisha lini."

Sikuuliza hilo. Niliweka kidole changu kwenye ramani yake, kule machweo, nikamwuliza, "Hapa kuna nani?"

Akasema, "Hakuna mtu."

Nikasubiri. Nikamwuliza tena kwa upole, "Una hakika?"

Dada, alipenga kamasi.

Hatujatia alama popote, na Mzee Daksi anasema hawezi, mkono unamuuma. Lakini watu hawa hawachoki. Anataka ramani mpya ya kila tulicho nacho, asema ni kwa ajili ya kukadiria thamani. Nimemwambia nitamwandikia dada yangu. Safari hii niambie wewe nichore nini.

Inali


Ng'ambo ya Kijito
Mwezi wa Upepo, siku ya ishirini na sita, 1829

Mdogo wangu Inali,

Hii nimeisoma kwa sauti, na kila mwanamke aliyekuwepo ameongeza lake. Shika kalamu.

Simama pale pale kijito kinapoingia mtoni. Chora nyumba na mashamba kama mwanzo, na mipichi, sasa ni kumi na mmoja, mmoja umeangushwa na upepo. Uchore na shimo lake. Chora njia ya kwendea matete ya vikapu, na matete yenyewe, hata yale tusiyoyakata mwaka huu. Chora bwawa la samaki, na kando yake mahali binti wa Kwedi alipozaliwa ghafla tukitoka kuchota maji. Chora mashamba yanayolimwa, halafu yaliyolala, na yale yatakayolala watoto wa Sali wakiwa wazee. Chora msitu tuliouacha ili kulungu wawe na kwao. Chora nyumba za nguzo za mwaka wa kwanza, zilizooza. Mawe ya Mama yachore makubwa.

Huko machweo ambako kamasi zilimzuia kukujibu, wapo watu wa kabila la Waosage. Dustu amewahi kuwinda nao, anasema wanawake wao wanapanda mahindi kando ya mito kama sisi. Sijui mashamba yao yaliyolala yako wapi, kwa hiyo usichore kitu pale, na usikubali mtu mwingine achore. Mwambie Bwana Loomis awaulize wao.

Na akiweka tena kidole chake popote kwenye ardhi hii akuulize hapa kuna nani, usimwangalie yeye usoni. Angalia kidole kiko wapi, ndipo ujibu.

Najua ni vingi. Karatasi ikikuishia mwombe nyingine. Watu wale karatasi hawakosi.

Dada yako,
Ailsi